Uliza Shangazi: Mama wa gitaa, dada wa kazi na makaburi yasiyo na jina

Haya wapendwa, toleo lililopita niliwaambia mlete maswali kuhusu wanawake wa Kimarekani wa karne ya 20, waimbaji na waandishi, maana kila nikipanda hiace ya Moshi nasikia nyimbo zao na ukiuliza ni za nani kila mtu anaangalia dirishani. Mmeleta. Yale ya mapenzi nimeyaweka pembeni, yana ukurasa wake. Nimechagua sita, na nawaambia mapema kuna moja nimelijibu kwa kirefu, mhariri kalalamika nikamwambia apunguze matangazo ya viwanja.

*Shangazi shikamoo. Mimi ni MC. Harusi zote hapa mjini DJ lazima apige ule wa Whitney Houston, "I Will Always Love You", maharusi wakikata ndafu. Juzi mgeni mmoja kaniambia wimbo sio wa Whitney, ni wa mama mmoja wa kizungu anaimba country. Ni kweli au mgeni alishazidiwa na vinywaji?* (MC wa Njiro, Arusha)

Marahaba mwanangu. Mgeni alikua mzima kabisa. Wimbo ni wa Dolly Parton, kazaliwa 1946 kwenye milima ya Tennessee, familia ya watoto 12, umaskini wa kweli kweli. Wimbo ulitoka 1974. Whitney kauimba 1992 kwa ajili ya filamu ya The Bodyguard, na ndo huo unaowaliza watu ukumbini.

Sasa shida yako iko hapa. Dolly hakuandika kwa ajili ya mpenzi. Alikua anaimba kwenye kipindi cha televisheni cha bwana mmoja anaitwa Porter Wagoner, miaka kadhaa yuko chini yake, akataka kuondoka akasimame mwenyewe, mzee hataki kusikia. Dolly akaona maneno ya kawaida hayaingii akaenda nyumbani akaandika wimbo wa kumuaga. Yaani ni wimbo wa naondoka, baki salama. Na wewe unaupiga watu wanalishana ndafu! Upeleke kwenye send-off, binti anavyowaaga wazazi, hapo utakaa vizuri mno.

Kingine ambacho napenda mkijue, Elvis Presley alitaka kuurekodi. Dolly akafurahi, Elvis nani asingefurahi. Meneja wa Elvis akasema sawa lakini nusu ya haki za wimbo tuachieni sisi. Dolly akakataa. Alilia usiku kucha lakini alikataa, na Whitney alipouimba miaka karibu 20 baadaye pesa ya utunzi ikaenda kwa Dolly. Huyo ni mtu ambaye baba yake hakujua kusoma wala kuandika, lakini yeye mkataba aliuelewa vizuri sana. Wengine kwenye ukurasa huu hawakua na bahati hiyo, mtaona.

*Bwana Yesu asifiwe Shangazi. Niko kwaya ya vijana, napiga gitaa la umeme. Baadhi ya wazee wanasema binti na gitaa la umeme ni mambo ya baa. Rafiki yangu kanirushia video ya mama mweusi Mmarekani, kavaa koti, anapiga gitaa nje kwenye stesheni ya treni na anaimba nyimbo za Mungu, jamani vidole vyake! Ni nani huyo?* (Mwanakwaya, Machame)

Amina. Huyo ni Sister Rosetta Tharpe na hiyo video ni ya Manchester, Uingereza, mwaka 1964. Watu wa televisheni walichukua stesheni iliyokua haitumiki tena wakaipamba ionekane ya Marekani kusini, watazamaji wamekaa ng'ambo ya reli, yeye analetwa na gari la farasi. Mvua ilikua inanyesha siku hiyo, basi akaanza na wimbo unaosema si mvua ilinyesha jamani, ule wa gharika ya Nuhu. Angalia tena anavyochukua gitaa, hajitayarishi, halitazami, analivaa tu kama mama anavyombeba mtoto mgongoni huku anaongea na wageni, alafu sauti ya kwanza ikitoka unaona wale vijana wa kizungu wanakaa sawa.

Kazaliwa 1915 mji mdogo unaitwa Cotton Plant, jimbo la Arkansas. Mama yake alikua mhubiri na mpiga mandolini kwenye kanisa la kipentekoste, na mtoto akiwa na miaka sita hivi tayari anapiga gitaa mbele ya watu, wanazunguka na mama mkutano hadi mkutano. 1938 akaenda New York, akarekodi, na akaanza kuimba Cotton Club, klabu ya usiku, watu wanavuta sigara na kunywa na yeye anawaimbia Yesu. Hapo ndo yalianza maneno. Kanisani walichukia, kwanini nyimbo za Bwana ziende kwa walevi. Kwa hiyo binti yangu hilo unaloambiwa wewe yeye aliambiwa miaka zaidi ya 80 iliyopita, na kwa upande wake ni kweli alikua anapiga kwenye baa, wewe unapiga usharikani, sijui wazee wanalalamika nini.

1944 akarekodi "Strange Things Happening Every Day", ikapanda kwenye chati za muziki wa watu weusi mwaka uliofuata, na wapo wengi wanaosema rock and roll imeanzia hapo. Little Richard, nyota wa baadaye wa rock and roll, alikua kijana wa miaka 14 Rosetta alipomwita jukwaani aimbe naye. Johnny Cash, mwimbaji wa country, naye alikua anamtaja. 1951 akafunga ndoa kwenye uwanja wa baseball Washington, ndoa ya tatu hiyo, watu wakakata tiketi, maelfu kwa maelfu, na baada ya kiapo bibi harusi akashika gitaa akiwa na shela lake akapiga shoo. Waambie wazee hiyo, uone watakavyokaa.

Mwisho wake haukua mzuri. Kisukari kikamfanya akatwe mguu, akaendelea kuimba amekaa, akafariki 1973 Philadelphia na akazikwa bila jiwe lenye jina. Zaidi ya miaka 30 kaburi halina alama, hadi mashabiki walipofanya konsati ya kuchangisha mwaka 2008. Kwenye jumba la heshima la rock wakamwingiza 2018, wale aliowafundisha wakiwa wameshaingia siku nyingi.

Endelea kupiga. Na hakikisha umetyuni kabla ya ibada, wazee wengine hawachukii gitaa, wanachukia gitaa lililolegea nyuzi.

*Kuna ubishi darasani. Mwanamke mweusi wa kwanza kupata Nobel ya fasihi ni Maya Angelou au Toni Morrison?* (Mwanafunzi, kidato cha sita, Moshi)

Toni Morrison, 1993. Maya Angelou hakuipata, yeye mwaka huohuo alisoma shairi lake Bill Clinton akiapishwa urais, nadhani ndo mnapochanganya. Morrison alikua mhariri kwenye kampuni ya vitabu huku analea watoto wawili wa kiume peke yake na anaandika alfajiri kabla hawajaamka. Baada yake mwandishi mweusi mwingine kupata tuzo hiyo ni wa kwetu, Abdulrazak Gurnah wa Zanzibar, 2021. Hilo waambie wenzako bila kuringa sana.

*Shangazi mimi ni dada wa kazi hapa Sakina. Mimi ni mashoto. Kwa bosi wangu kuna gitaa la mtoto wao, haligusi, nikimaliza kazi huwa najaribu. Mtoto ananicheka anasema nimelishika kinyume na mashoto hawezi kupiga gitaa la kulia. Nataka kujua tu kama yupo mtu aliyeweza.* (Dada, Sakina)

Mwanangu yupo, alafu alikua dada wa kazi vilevile. Kaa nikusimulie.

Anaitwa Elizabeth Cotten. Kazaliwa miaka ya 1890 North Carolina. Mtoto mdogo alikua anachukua banjo ya kaka yake kaka akiwa hayupo. Mashoto. Akaenda kufanya kazi nyumba za watu, mshahara senti 75 kwa mwezi, akakusanya hadi akanunua gitaa lake la dola 3 na senti 75. Hakubadilisha nyuzi. Alilishika kinyume kama wewe, kwa hiyo nyuzi nene zikawa chini na nyembamba juu, ikabidi vidole vyake vicheze bezi na kidole gumba kicheze melodi, yaani upande wa pili kabisa wa wanavyofanya wengine. Leo mtindo huo una jina lake, watu wa mkono wa kulia wanahangaika kuuiga na wanalipia ada. Na akiwa bado binti mdogo wa miaka 11, 12, akatunga wimbo unaitwa "Freight Train", kwa sababu treni ya mizigo ilikua inapita karibu na kwao usiku.

Alafu akaolewa mapema sana, kanisani wakamwambia achague, nyimbo za dunia au wokovu. Akaacha gitaa. Miaka na miaka hashiki. Akawa mama, akawa bibi, amehamia Washington anafanya kazi duka kubwa, siku moja akaona mtoto wa kizungu amepotea humo dukani analia akamrudisha kwa mama yake. Mama wa mtoto alikua Ruth Crawford Seeger, mtunzi mkubwa wa muziki na yeye, mwanamke wa kwanza kupewa ufadhili wa Guggenheim kwa utunzi, 1930. Akamwajiri Elizabeth nyumbani kwake, apike na afue. Nyumba ile ilijaa ala za muziki ukutani. Siku moja mmoja wa watoto akamkuta dada wa kazi ameshusha gitaa anapiga, kinyume, wimbo ambao hawajawahi kuusikia.

1958 mtoto wa nyumba hiyo, Mike Seeger, akamrekodi albamu ya kwanza, bibi ana miaka ya sitini na kitu. Lakini kabla ya hapo binti yao Peggy, yuleyule aliyepotea dukani, alikua ameubeba "Freight Train" kwenda nao Uingereza, ukavuma huko 1957 na jina la utunzi likaandikwa la wanaume wawili Waingereza. Wimbo wa mtoto wa North Carolina! Ilibidi wapambane kisheria kabla jina la Elizabeth halijarudi. Aliishi akaona. 1985 akapewa tuzo ya Grammy akiwa na miaka zaidi ya 90, akafariki 1987.

Kwa hiyo mwambie huyo mtoto acheke taratibu. Na wewe ukitunga kitu, usikiimbe kwa watu kabla hujakirekodi kwenye simu na kuandika tarehe. Na siku ukipata nauli nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ukakiandikishe.

*Shangazi, nafundisha Kiingereza sekondari. Wanafunzi walisoma mahali kwamba Zora Neale Hurston, mwandishi mkubwa, alizikwa kaburi lisilo na jina. Hapa kwetu Uchaggani hawakuamini. Wakaniuliza, hakua na ndugu? Hakua na kihamba? Nilishindwa kujibu.* (Mwalimu, Marangu)

Mwalimu, wanafunzi wako wameuliza vizuri. Huku kwetu hata mtu aliyeishi Dar miaka 40 anarudishwa analazwa kihambani, shamba la ukoo, kaburi linawekwa vigae vizuri kuliko jikoni kwa wazazi wake, na Desemba watu wakipanda kuhesabiwa lazima mtu aoneshwe, huyu babu fulani, huyu shangazi yako. Kwa hiyo kaburi lisilo na jina kwetu ni kashfa ya ukoo mzima. Ngoja nieleze ilivyokua.

Zora kazaliwa 1891 Alabama, kakulia Eatonville, Florida, mji wa watu weusi watupu, wana meya wao na baraza lao, na baba yake aliwahi kua meya. Kibarazani pa duka wazee wanakaa wanatunga uongo mtamu, na hizo hadithi ndo zilimtengeneza. Mama akafa Zora bado mdogo, baba akaoa, nyumba ikamshinda. Akahangaika na kazi za ndani. Alipofika Baltimore 1917 ana miaka 26 na anataka shule ya bure, lakini shule ya bure ilikua ya vijana, basi akasema amezaliwa 1901. Akakata miaka kumi, hivihivi, na hakuirudisha maisha yake yote. Akafika hadi chuo cha Barnard New York, akasoma anthropolojia chini ya Franz Boas, akarudi kusini kukusanya ngano na nyimbo za watu wake. 1937 akatoa "Their Eyes Were Watching God", aliiandika akiwa Haiti kwa wiki saba tu.

Na lugha ndo iliyomletea shida. Watu wake kwenye vitabu wanaongea kama wanavyoongea, sio Kiingereza cha shuleni, na baadhi ya waandishi wenzake weusi wakaona anawachekesha wazungu. Mwaka 1927 alikua ameshamhoji mzee Cudjo Lewis, mmoja wa waliobaki wa meli ya mwisho kuleta watumwa Marekani, akaandika kitabu kizima kwa maneno ya mzee mwenyewe. Wachapishaji wakataka abadilishe lugha. Akakataa. Kitabu kikatoka 2018. Hesabu mwenyewe miaka hiyo, mimi nikihesabu napata hasira.

Vitabu vikaisha madukani. 1950 alikua anafanya kazi za ndani Miami, mwenye nyumba hajui ameajiri nani hadi akaona hadithi yake kwenye gazeti. 1960 akafariki kwenye nyumba ya kulelea maskini Fort Pierce, Florida. Majirani na marafiki wakachanga wakamzika, kwa hiyo waambie wanafunzi watu walikuwepo na mazishi yalikuwepo, pesa ya jiwe ndo haikuwepo. Na vitu vyake vilianza kuchomwa moto, karatasi zake, maandishi, hadi polisi mmoja aliyemfahamu akapita akaona moshi akachukua mpira wa maji akazima. Nyingine zimeungua pembeni hadi leo.

Sasa 1973 kijana mmoja wa kike, mwandishi, anaitwa Alice Walker, akaamua kwenda kulitafuta kaburi. Alivyofika akawa anawaambia watu Zora ni shangazi yake, ili wamsaidie. Haikua kweli. Lakini kwenye mambo kama haya ukijiita mpwa watu wanafungua milango. Akaingia makaburini, majani yamefika kiunoni, anaogopa nyoka, haoni kitu, akaanza kuita kwa sauti, Zora! Zora! upo wapi, nakuja. Mguu ukatumbukia kwenye shimo lililodidimia, ukubwa wa kaburi. Akasema ni hapa. Akaenda kwa watu wa mawe ya makaburi, alilolitaka, jeusi refu, lilikua ghali, akachukua la kijivu la kawaida, akaandikisha kwamba huyu ni kipaji cha kusini, mwandishi wa riwaya, mkusanya ngano, mwanaanthropolojia, 1901 hadi 1960. Ndiyo, 1901. Ule uongo wa kuingilia shule upo kwenye jiwe hadi leo, na mimi nauunga mkono, aliupigania.

1975 Alice akaandika makala kuhusu safari hiyo kwenye jarida la Ms., watu wakaanza kutafuta vitabu, leo vinafundishwa vyuo vyote. Alice mwenyewe 1983 akapata tuzo ya Pulitzer kwa "The Color Purple".

Na sio Zora peke yake Mwalimu. Bessie Smith, aliyeitwa malkia wa blues, rekodi yake ya kwanza ya 1923 iliuzwa kwa wingi mno, akafa kwa ajali ya gari Mississippi 1937, maelfu wakaja kumzika karibu na Philadelphia, na kaburi likakaa miaka 33 bila jiwe. 1970 waliolipa ni wawili: Janis Joplin, mzungu wa rock aliyejifunza kuimba kwa kusikiliza santuri za Bessie, na Juanita Green, mama aliyekua akimfanyia Bessie usafi wa nyumba akiwa binti mdogo. Wakaandika kwamba mwimbaji huyu hataacha kuimba kamwe. Janis mwenyewe akafa miezi miwili baadaye, miaka 27.

Sasa Zora, Bessie na Rosetta niliyemtaja hapo juu. Ndugu walikuwepo, watoto wa ndugu wapo. Jiwe linanunuliwa na pesa, na pesa ya kazi zao ilishapita njia nyingine. Bessie alikua analipwa kwa kila rekodi, hela taslimu mkononi, asilimia ya mauzo hapati. Ukiwa hai na unaitwa kila wiki inaonekana nyingi. Waulize wanafunzi wako wangapi wana mjomba aliyeimba bendi miaka ya 80, nyimbo zake zinapigwa redioni hadi leo na yeye hapati hata vocha. Nilikua nauza kaseti Mbuyuni, nawajua.

*Shangazi tumewekeana kreti ya soda kwa kinyozi. Mimi nasema "Hound Dog" ni wa Elvis Presley. Mwenzangu anasema kuna mama aliuimba kabla. Amua.* (Chalii wa Unga Limited, Arusha)

Umeliwa. Big Mama Thornton, mama mweusi wa Alabama mwenye sauti ya kuangusha ukuta, karekodi 1952, ikatoka 1953, ikashika namba moja kwenye chati za muziki wa watu weusi zinazoitwa R&B wiki saba. Elvis kaja 1956. Watunzi walikua vijana wawili, Leiber na Stoller, kwa hiyo utunzi sio wake, ila uimbaji ni wake wa kwanza na kwa maneno yake mwenyewe alipata cheki moja ya dola 500 basi. Wimbo alioutunga yeye kweli ni "Ball and Chain", ambao Janis Joplin, yuleyule wa jiwe, aliufanya mkubwa.

Nunua soda chalii, na kinyozi naye apate moja.